Unapochuniwa idarani: maswali ambayo wahadhiri wa Mwanza huuliza kila mara

Nilifundisha chuoni miaka kumi na mitatu. Minne ya mwisho nilikuwa idarani kama stuli iliyovunjika mguu: haitupwi, haikaliwi. Tangu nitoke, wahadhiri wa huku kanda ya ziwa hunipigia simu, wengine hunifuata nyumbani jioni vipindi vikiisha, na maswali ni yale yale. Nimeyaandika hapa ili anayeamka saa nane usiku asiye na wa kumwuliza apate pa kuanzia. Mimi si daktari wala wakili. Panapohitaji daktari au wakili nimesema.

Kutengwa kazini, huko kuchuniwa, ni nini hasa? Watu kununiana si kawaida tu?

Kununiana ni kawaida. Watu hugombea ukumbi wa mihadhara, hugombea projekta, wiki hii hawasemezani, wiki ijayo wanacheka. Kutengwa ni pale ambapo watu wanaopaswa kukushirikisha kwa mujibu wa kazi wanaacha kukushirikisha, kwa muda mrefu, bila kukuambia kosa lako.

Mwalimu mmoja alinisimulia hivi. Chai ya saa nne. Meza ndefu, chupa mbili za chai, chapati zimefunikwa kwa kawa. Viti sita, watu watano. Yeye akitokea mlangoni, aliyekaa jirani na kile kiti kitupu anaokota mkoba wake sakafuni na kuuweka juu ya kiti. Hakuna anayesema neno. Siku ya kwanza alidhani ni bahati mbaya. Baada ya wiki mbili akaanza kunywa chai ofisini kwake, mlango umefungwa. Mwezi uliofuata wakaanza kusema, "Mwenzetu siku hizi anajitenga."

Mengine yako kwenye kazi yenyewe. Taarifa ya kikao haikufikii, uamuzi unausikia kwa wanafunzi. Somo ulilolifundisha miaka sita unaona kwenye ubao wa matangazo limepewa mwingine. Orodha ya wasimamizi wa tasnifu inatoka bila jina lako. Kundi jipya la WhatsApp la idara limefunguliwa, na lile la zamani mmebaki wewe na mhudumu wa ofisi, mnatakiana Jumapili njema.

Hakuna aliyenitukana wala kunigusa. Kwa nini inaniuma kiasi hiki?

Anayekutukana angalau amekiri kuwa upo.

Mwaka 2003 watafiti wa Marekani na Australia, Naomi Eisenberger, Matthew Lieberman na Kipling Williams, waliwaweka watu ndani ya mashine ya kupiga picha ubongo huku wakicheza mchezo wa kurushiana mpira kwenye kompyuta. Baada ya muda wachezaji wengine, ambao kumbe walikuwa programu tu, wakaacha kumrushia yule mtu mpira. Sehemu za ubongo zilizoamka zinafanana na zile zinazohusika na maumivu ya mwili. Huo ni mpira wa kwenye skrini, na watu asiowajua. Wewe wenzako wamekunyima mpira kwa mihula mitatu.

Mwaka 2015 kundi jingine, likiongozwa na Jane O'Reilly wa Canada, lililinganisha waliotengwa kazini na waliosumbuliwa waziwazi. Waliotengwa walikuwa na hali mbaya zaidi kiafya na walielekea zaidi kuacha kazi. Lakini watu wengi walipoulizwa, walisema kumpuuza mtu ni kosa dogo kuliko kumsumbua. Ndiyo maana ukilalamika unaambiwa una hisia nyepesi.

Ajabu ni kwamba sisi wa huku hatukuhitaji mashine kulijua hili. Sungusungu walipoanza Usukumani na Unyamwezini miaka ya 1980, moja ya adhabu zao kali ilikuwa kumtenga mtu na kijiji: asisalimiwe, asipewe moto, msiba wake usihudhuriwe. Wazee walijua inavyovunja mtu. Tofauti ni kwamba pale ulisomewa kosa lako mbele ya watu, na ukilipa faini ulirudishwa. Idarani hakuna kusomewa na hakuna faini ya kulipa.

Kwa nini vyuoni? Si ndiko waliko watu wenye elimu?

Elimu haiondoi wivu, inaupa msamiati tu. Ila kuna sababu za kimfumo, nazo zinaanzia kwenye jinsi tunavyopanda daraja.

Kutoka mhadhiri msaidizi kwenda mhadhiri, kisha mwandamizi, kisha profesa mshiriki na hatimaye profesa, unategemea machapisho na unategemea wenzako. Wao ndio wanaokuingiza kwenye mradi, wanaokuita muandike makala pamoja, wanaokupa mwanafunzi wa uzamili wa kusimamia. Ukichuniwa hupotezi marafiki wa chai tu. Baada ya miaka mitatu faili lako jembamba, la mwenzako nene, na mtu anaweza kusema kwa sauti ya upole kabisa, "Tatizo lake hachapishi."

Halafu idara zetu ni ndogo. Watu saba, wanane. Sokoni pale Kirumba muuza dagaa akikuchunia unahamia meza ya pili. Katika idara ya watu saba hakuna meza ya pili. Na watu hao saba huenda walisoma pamoja, mmoja alimfundisha mwingine, wawili wanasali jumuiya moja.

Juu ya hapo weka mzigo wenyewe: madarasa ya wanafunzi mia nne, marundo ya vitabu vya mitihani, kusahihisha hadi macho yanawaka, mwanafunzi anayelia mlangoni kwamba akidisko, yaani akiondolewa chuo kwa kufeli, babake atamfukuza. Watu wakichoka hivyo hutafuta wa kumtupia.

Na nani hutupiwa? Kwa simu ninazopokea: aliyerudi na uzamivu kutoka nje akawakuta aliowaacha bado hawajamaliza, mwenye mkataba wa mwaka mmoja mmoja, ambaye kila mtu anahisi si wa kudumu, mwanamke aliyetoka likizo ya uzazi, na yule aliyekataa kubadilisha maksi za mtu. Huyu wa mwisho ndiye anayepigwa zaidi, kwa sababu kila anayemwona anakumbuka yeye alikubali.

Nitajuaje kama ni uchovu wa kazi tu au nimeanza kuumwa?

Msongo wa kawaida una mwisho. Mitihani ikishasahihishwa, ukaenda kwenu Ukerewe siku nne, unarudi mtu.

Kuna ule uchovu wa kazi unaokomaa. Shirika la Afya Duniani katika orodha yake ya magonjwa, ICD-11, linautaja kuwa hali inayotokana na kazi, halikuuita ugonjwa. Una sura tatu: nguvu zimekwisha, kazi unaiona ya kijinga au unaichukia, na unahisi huna tena unachokiweza. Mwalimu aliyefika hapo husoma silaidi za mwaka juzi akiangalia dirishani.

Sonona, ugonjwa wa huzuni nzito, inakufuata mpaka nyumbani. Hata kile ulichokipenda, iwe mpira, kwaya au sato wa kuchoma pale ufukweni, hakina ladha. Usingizi unakatika au unazidi, chakula hakipiti, unajiona mzigo. Ikiwa hali hiyo imekaa siku nyingi kati ya wiki mbili, nenda kwa daktari. Kliniki nyingi hutumia dodoso la maswali tisa liitwalo PHQ-9, na lipo la Kiswahili. Alama zake ni 0 hadi 27, na kuanzia 10 mhudumu huanza kuangalia kwa makini. Swali la tisa linahusu mawazo ya kufa. Ukilijibu "ndiyo" kwa kiwango chochote, usisubiri jumla ya alama.

Nianzie wapi?

Fungua mafaili mawili, na usiyachanganye.

La kwanza ni afya yako, la pili ni haki yako. Watu wengi wanaonijia wamelishika moja tu. Yupo anayemeza dawa za usingizi na hajaandika hata barua moja. Yupo mwenye barua kumi na saba, nakala kwa kila mtu hadi mwenyekiti wa baraza la chuo, na hajalala tangu Pasaka. Haki yako ikichelewa, afya isisubiri. Na ukipata nafuu, isiwe sababu ya kuambiwa kumbe hakukuwa na tatizo.

Kwa faili la haki, nunua kaunta buku. Andika siku hiyo hiyo, kwa ufupi, yale tu ambayo kamera ingeyaona. Mfano: "Jumanne, saa 3:40 asubuhi. Kikao cha idara kimefanyika chumba na. 12. Sikupata taarifa. Nimejua kwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Nimemwandikia katibu wa idara barua pepe saa 5:10 kuomba muhtasari." Basi. Usiandike "wananichukia, hasa yule mnafiki". Hata kama ni mnafiki. Daftari hilo huenda likasomwa na mtu asiyekujua, na huyo anatafuta tarehe.

Likae nyumbani. Mimi la kwangu niliacha kwenye droo ya ofisi. Likapotea wiki niliyokuwa safarini kusimamia mafunzo kwa vitendo.

Nimwambie mkuu wa idara? Nitasemaje bila kuonekana nalialia?

Mwambie, kama siye anayekutenga. Omba miadi, usimvizie koridoni. Peleka jambo la kazi, hisia utazipeleka kwa mnasihi. "Dokta, muhula huu vikao vitatu vimepita sijapata taarifa, tarehe ni hizi. Naomba kuanzia sasa taarifa ije kwa barua pepe ya chuo." Ni ombi dogo, linatekelezeka, na akilikataa amekataa kitu kinachoandikika. Ukitoka, mwandikie mistari miwili ya kushukuru na kurudia mlichokubaliana. Kwa adabu kabisa: Shikamoo yako iko pale pale kama ni mkubwa wako, na hoja yako iko pale pale.

Na kama mkuu wa idara ndiye mwenyewe?

Panda ngazi kwa maandishi: mkuu wa kitivo, kisha utumishi. Kabla ya hapo zungumza na tawi la chama cha wafanyakazi. Kwenye elimu ya juu kuna THTU na RAAWU. Uliza chuoni kwako ni kipi kina tawi. Wahadhiri wengi tunakatwa ada ya chama kila mwezi na hatujui hata jina la mwenyekiti wa tawi. Mjue kabla hujapata tatizo.

Sheria inanilinda?

Kwa sehemu, na hapa usitegemee maneno yangu peke yake.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kazini kwa misingi iliyotajwa: kabila au mahali mtu anapotoka, dini, jinsia, ujauzito, ulemavu, umri, maoni ya kisiasa na mingineyo. Unyanyasaji kwa misingi hiyo nao unahesabiwa kuwa ubaguzi. Kwa hiyo ukiachwa nje kwa sababu wewe ni mtu wa kuja, au kwa sababu ya ujauzito, una mlango. Ukiachwa nje kwa sababu tu hawakupendi, mlango ni mwembamba zaidi, na itabidi uonyeshe madhara kwenye kazi: vikao, masomo, tathmini, posho uliyostahili.

Mgogoro unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, kwa fomu namba 1. Muda ndio unaowaangusha watu: siku 30 kwa kuachishwa kazi, siku 60 kwa migogoro mingine. Ukichelewa lazima uombe kuongezewa muda na utoe sababu. Ukiwa chuo cha umma, njia ni nyingine: lazima kwanza umalize ngazi za rufaa za Sheria ya Utumishi wa Umma. Nimeona mwalimu wa chuo cha serikali akipoteza karibu mwaka mzima kwa kugonga mlango usio wake.

Mume wangu ananiambia niache kazi. Niandike barua?

Dada, usiandike barua ya kuacha kazi usiku. Wala Ijumaa. Wala siku ya kikao.

Ile sheria ya 2004 inatambua kwamba mtu aliyejiuzulu kwa sababu mwajiri ameifanya kazi isivumilike anaweza kuhesabiwa ameachishwa. Lakini mzigo wa kuonyesha hilo ni wako, na wataangalia kama ulilalamika kwa maandishi kabla ya kuondoka. Barua isemayo "naacha kwa sababu binafsi, nashukuru kwa ushirikiano" imelifunga faili lako kwa mkono wako mwenyewe. Onana na wakili kwanza. Na mumeo mwambie umemsikia, kwa sababu huenda anayaona yale usiyoyaona: kwamba umekonda, kwamba hucheki na watoto.

Nikionekana kitengo cha akili pale Bugando si nimekwisha?

Hili huulizwa kwa sauti ya chini kuliko yote. Mji wetu ni mdogo, wanafunzi wetu wengine ndio wauguzi, na utani wa "huyu apelekwe Mirembe", ile hospitali ya akili ya Dodoma, bado tunaucheka.

Naelewa. Lakini pale mapokezi kuna watu wa kifafa, wa kukosa usingizi, kina mama waliojifungua karibuni, na wasindikizaji. Hakuna anayejua umekuja kwa lipi. Hospitali ya Bugando ina madaktari wa magonjwa ya akili, na ukitaka kuanzia karibu zaidi, daktari wa kawaida kwenye kituo chako cha afya au Hospitali ya Mkoa ya Sekou Toure anaweza kukuona na kukupa rufaa. Wapo pia wanasihi wa chuo, lakini nakushauri uulize kwanza kumbukumbu zao anazishika nani.

Jambo jingine ambalo walimu hawalijui: likizo ya ugonjwa chini ya ile sheria ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Inatakiwa cheti cha daktari. Sonona ni ugonjwa kama malaria. Walio kwenye utumishi wa umma wana kanuni zao, waulize utumishi.

Mchungaji anasema niombe, mama anasema nimerogwa.

Omba. Na mama usimbishie, anakupenda. Ila kliniki nenda.

Bia mbili za jioni ndizo zinanipa usingizi. Kuna ubaya?

Zinakulaza, kisha zinakuamsha saa tisa usiku. Na mbili huwa haziishii mbili.

Nina uhakika mimi ndiye niliyemtenga mwenzangu. Nifanyeje sasa?

Swali hili nimelipata mara mbili tu, na mara zote mbili nilikaa kimya kwanza.

Wengi hawakuamua kumtenga mtu. Walimwona bosi akimchunia, wakaogopa kuonekana upande wake. Ukisalimiana naye koridoni unahisi kuna jicho mgongoni. Basi unajifanya unasoma ujumbe kwenye simu. Hivyo tu, kila siku, mpaka mtu anakwisha.

Usianze na hotuba ya msamaha, itamwelemea. Anza na kitu cha kazi: mtumie ule muhtasari wa kikao. Mwulize swali la kitaalamu ambalo kweli anakuzidi. Hama na kikombe chako ukakae naye. Akiwa baridi, mwache awe baridi, ana sababu. Msamaha utakuja siku nyingine, uwe mfupi, na usijumuishe maneno "lakini hata wewe".

Mimi ni mkuu wa idara. Mnanilaumu tu, nifanye nini?

Mwalimu, pole, najua na wewe unapigwa kutoka juu. Vitu vichache havihitaji bajeti. Mgawanyo wa masomo ujadiliwe kikaoni, usitoke mfukoni mwako. Taarifa za vikao ziende barua pepe ya chuo kwa wote, WhatsApp ibaki ya misiba na harusi. Orodha ya usimamizi wa tasnifu iwe na idadi kwa kila mwalimu, ionekane. Mtu akitoka masomoni au likizo ya uzazi, mpe mradi wa pamoja na mwenzake mmoja ndani ya mwezi wa kwanza. Na chunguza nani hajibiwi hoja kikaoni. Akisema, kunakuwa na ukimya, kisha mwingine anarudia lile lile na linapongezwa. Wewe mwenye kiti ndiye unayeweza kusema, "Hilo alishalisema Mwalimu, tulirudie la kwake."

Mwenzangu ameniambia hana sababu ya kuishi. Nilidhani anatania.

Usidhani. Mwulize waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo, mara nyingi kunampunguzia mzigo. Kama anasema ndiyo, na hasa kama ameshafikiria namna, usimwache peke yake. Ondoa sumu za kilimo na dawa karibu naye, mwite ndugu anayemwamini, na mpelekeni kitengo cha dharura cha Bugando, Sekou Toure au hospitali iliyo karibu, usiku huo huo. Acha kipindi. Wanafunzi watasubiri. Kama ni wewe unayesoma hapa na ndivyo ulivyo, mpigie mtu mmoja sasa, kabla hujamaliza ukurasa huu.

Wewe ya kwako yaliishaje?

Huulizwa mwishoni, mtu akiwa anavaa viatu mlangoni.

Hayakuisha vizuri. Malalamiko yangu yalijibiwa kwa barua ya mistari mitatu, mmoja ukiwa wa kukiri kupokea. Nilitibiwa miezi tisa. Nikaondoka mkataba ulipokwisha, nikapewa zawadi ya saa ya ukutani na watu waliokuwa hawajanisemesha tangu mwaka juzi wake.

Mwaka jana nilikutana na mmoja wao Mwaloni, asubuhi, anachagua sato. Akasita, kisha akanisalimia, "Habari za siku nyingi, Mwalimu." Tukaongea bei ya samaki. Akasema siku hizi anakunywa chai ofisini.